Barua Zilizovuka Ziwa Kivu

Tulipomaliza masomo ya ualimu mwaka 1991, rafiki yangu alipata shule huko Goma, nami nikabaki Bukavu. Kati yetu palikuwa na Ziwa Kivu. Posta ilikuwa imebaki jina tu, kwa hiyo kila barua ilisafiri mfukoni mwa abiria wa mashua, na mara nyingi ilifika ikinuka samaki. Tulikuwa tumeahidiana jambo moja: kila mwezi kurasa mbili, na salamu zisizidi mistari mitatu. Mkufunzi wetu alikuwa ametuzoeza kuandika katika daftari, baada ya kila somo la majaribio, yale yaliyotushinda kabla ya yale tuliyoyaweza. Tulitaka kuendelea hivyo.

Mimi sikuendelea hivyo. Ninyi vijana wapendwa, mnaojipiga picha kumi ili kuwatumia wenzenu moja, mtanielewa. Mshahara wa serikali haukuja, tuliishi kwa michango ya wazazi, na darasani nilikuwa mtu wa hasira. Lakini katika barua zangu alikuwemo mwalimu mwingine, mpole, ambaye wanafunzi humsikiliza hata wakiwa na njaa. Nilimpenda sana mwalimu yule. Mwaka wa pili rafiki yangu alikuja bila kuniarifu, akasimama dirishani, akanikuta na fimbo mkononi. Jioni tulikula pamoja, hakusema neno. Mwezi uliofuata aliniandikia kwamba yeye naye alikuwa amempiga mtoto, na usiku ule hakupata usingizi. Habari zangu hakuzigusa.

Ilinichukua wiki tatu kumjibu, na ile ndiyo barua yangu ya kwanza ya kweli. Watu hudhani kwamba mtu hujijua kwanza, kisha huandika. Kwangu ilikuwa kinyume. Nilipolazimika kuitafutia hasira yangu maneno ambayo mwenzangu angeyaelewa, ndipo nilipoona kwamba haikutoka kwa watoto. Ilitoka katika aibu ya mwanamume asiyeweza kulipa kodi ya nyumba. Fimbo sikuiacha siku ile. Niliiacha polepole, kwa sababu kila mwisho wa mwezi nilipaswa kutoa habari zake.

Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, barua kuanzia 1931 hadi 1958. Mdogo wake alizitunza, na leo zinasomwa katika kitabu. Hunigusa hilo la kutunza: aliyeandika habaki na barua zake, anazo yule aliyeandikiwa.

Vita vya 1996 vilitunyamazisha miezi kadhaa, kisha tukaanza tena. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, na lava ikashuka hadi katikati ya mji wa Goma. Rafiki yangu na watu wake walitoka salama, bali nyumba yao iliteketea pamoja na sanduku lenye barua zangu zote. Nilipopata habari niliuliza juu ya watoto, kisha juu ya nyumba, na hatimaye, kwa haya, juu ya barua. Naye akauliza, «Zangu bado unazo?»

Nilimpelekea. Tuliketi juu ya mawe meusi ambayo bado yalikuwa na joto chini yake. Alifungua ile ya Julai 1994, siku ambazo wakimbizi kutoka Rwanda walifurika Goma, akasoma mahali alipoapa kuuacha ualimu asirudi tena. Hakukumbuka kabisa.

«Huyu ni mimi?»

«Ni wewe, ndugu yangu. Soma ya Septemba.»

Katika ile ya Septemba alikuwa ameandika majina ya watoto waliorudi darasani, mmoja baada ya mwingine, ukurasa mzima.

Kisha, pasipo karatasi yoyote, alianza kunisimulia zangu: fimbo, kodi ya nyumba, kuzaliwa kwa binti yangu, mambo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapoteza. Nikamwuliza kama anamkumbuka yule mwalimu mpole wa barua za mwanzo. Akacheka. Akasema alijua tangu mwanzo kwamba hayupo, ila alikuwa akimngojea.

Jioni alizipanga barua zake kwa tarehe, akazifunga kwa uzi, akanirudishia. Hakuwa na mahali pakavu pa kuziweka.