Milango ya Maji na Milango ya Umeme

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Ninasomea kompyuta. Wenzangu wengi wanataka kazi ya kuandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Kazi hiyo ni nzuri. Lakini mimi nataka kubuni mashine yenyewe.

Niliporudi nyumbani likizo, baba aliniuliza, "Mwanangu, tuliuza ng'ombe ili usome. Hiyo kazi unayoitaka ni kazi gani? Utaipata wapi?"

Nilimwomba twende kwenye mfereji.

Kijijini kwetu tunamwagilia mashamba kwa mfereji. Ukifungua mlango wa mfereji, maji hupita. Ukiufunga, maji husimama. Shamba letu liko chini kabisa. Ili tupate maji, mlango wa juu lazima uwe wazi, na mlango wetu pia uwe wazi. Mmoja ukifungwa, hatupati kitu. Jirani yetu ana mifereji miwili. Yeye hupata maji ukifunguliwa mlango wowote kati ya hiyo miwili.

Nilimwambia baba, "Kompyuta nayo iko hivyo. Ndani yake mna milango midogo sana iitwayo transista. Hiyo hupitisha umeme, si maji. Tena hufunguliwa na kufungwa kwa umeme, si kwa mkono. Mingine imepangwa kama yetu, na mingine kama ya jirani. Ikipangwa vizuri, inaweza kufanya hesabu na kutunza kumbukumbu. Kipande kidogo chenye milango hiyo huitwa chipu. Mbunifu ndiye anayeipanga."

Baba alitoa simu yake mfukoni. "Hata humu imo?"

"Ndiyo, baba. Imo mingi mno."

Kisha nilimsimulia habari za Sophie Wilson wa Uingereza. Alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Wakati wa likizo alibuni kompyuta ndogo ya kusimamia ulishaji wa ng'ombe. Baba alicheka sana aliposikia habari ya ng'ombe.

Mwaka 1983, Wilson na mwenzake Steve Furber walianza kubuni chipu mpya katika kampuni ya Acorn. Watu walikuwa wachache na fedha zilikuwa kidogo. Kwa hiyo waliamua chipu yao iwe rahisi. Ilikuwa na transista kama 25,000 tu. Chipu za kwanza zilifika tarehe 26 Aprili, 1985, zikafanya kazi siku hiyo hiyo. Tena zilitumia umeme kidogo sana. Chipu za ukoo huo huitwa ARM. Leo zimo katika simu nyingi sana duniani.

"Sawa," alisema baba. "Lakini kazi utaipata wapi?"

Nilimwambia ukweli. Nchini kwetu hakuna kiwanda cha chipu. Kiwanda cha namna hiyo hugharimu fedha nyingi mno. Lakini si lazima mbunifu na kiwanda wawe mahali pamoja. Wilson na Furber hawakuwa na kiwanda. Michoro yao ilipelekwa kwa kampuni ya Marekani, nayo ikawatengenezea. Huenda nitaanza kwa kazi ndogo, kama vifaa vya kupimia maji au umeme. Huenda nitachelewa kupata mshahara kuliko wenzangu.

Nilimweleza pia kosa langu la kwanza. Chuoni nilipanga milango ya kujumlisha. Niliweka moja na moja. Jibu likawa sifuri. Nilikuwa nimesahau kubeba! Lilikuwa zoezi tu, nikasahihisha. Lakini chipu ikishatoka kiwandani, huwezi kuipangua. Ikiwa ina kosa, zote zina kosa, na fedha imepotea. Ndiyo maana mbunifu hukagua kazi yake mara nyingi kabla ya kuipeleka.

Baba alinyamaza. Aliinama akafungua mlango wetu, maji yakaingia shambani. Kisha akasema, "Basi nenda kasome. Ila usisahau kubeba. Ng'ombe wa pili hatuna."

Ndugu msomaji, mtoto wako akikuambia anasoma jambo usilolijua, usione haya kumwuliza. Mwambie akuonyeshe kwa vitu unavyovijua. Mimi mwenyewe niliielewa kazi yangu vizuri zaidi siku ile baba aliponiuliza.