Mlio wa Pasaka ya 1979

Naanza kwa kukiri jambo ambalo hata mke wangu amelijua juzi tu. Mwezi wa pili mwaka huu nilitumia dola 940 kununua kipande cha bomba la moshi kisichofika hata nusu mita. Mwezi huo huo dada yangu aliyeko Mombasa alinipigia kuniambia kwamba baba hasikii tena adhana wala mlango ukibishwa, na daktari amesema anahitaji mashine za kusikia, masikio yote mawili. Nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi, mambo yamebana. Sisi tuliopo ughaibuni tunajua jinsi jibu hilo linavyotoka mdomoni kirahisi.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 450 SLC ya 1979, milango miwili, injini ya silinda nane, lita nne na nusu. Nililinunua hapa Sydney miaka kadhaa iliyopita kwa mzee mmoja aliyechoka nalo. Majirani hudhani nilitaka ufahari. Nilitaka mlio.

Pasaka ya mwaka huo wa 1979 nilikuwa na miaka tisa. Baba alinipandisha gari moshi la usiku kutoka Mombasa mpaka Nairobi kwenda kutazama mbio za Safari. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba ya moshi, ana kibanda chake Majengo, na mbio zile kwake zilikuwa sikukuu kamili. Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun 160J, watu wakamshangilia kwa kuwa alikuwa mtu wa kwetu. Hannu Mikkola wa Finland akawa wa pili kwa Mercedes 450 SLC 5.0, gari la wakubwa, zito, tena la gia otomatiki, likitoka matopeni limepakwa udongo kama nyati. Lilipotupita baba aliniinamia sikioni. Hakusema neno. Alinigongagonga begani kwa vidole viwili akifuata mapigo ya injini: du-dum, dum, dum… du-dum, dum, dum. Mapigo hayo nimetembea nayo miaka yote, mpaka darasani Chuo Kikuu cha New South Wales nilikosomea uhandisi wa mitambo.

Sasa nieleze kidogo, na asiyependa mitambo anivumilie. Injini ya silinda nane ya namna hii ina safu mbili za silinda nne nne. Silinda moja huwaka kila kranki inapogeuka nyuzi 90, kwa hiyo ukizihesabu zote nane, mapigo yamepangika sawasawa kama askari wa gwaride. Lakini zamu haiendi kulia, kushoto, kulia, kushoto. Katika Mercedes hii mpango ni 1-5-4-8-6-3-7-2, na silinda 1 hadi 4 ziko safu moja, 5 hadi 8 safu ya pili. Tazama 8 na 6: zote za upande mmoja, zinafuatana. Vivyo hivyo 2 na 1 upande wa pili. Kwa hiyo ukisimama kwenye bomba la upande mmoja tu utasikia mapigo mawili yamebanana, kisha pengo, kisha jingine, kisha jingine. Hapo ndipo du-dum inapozaliwa.

Mabomba mawili yakiachwa yaende mbali kila moja peke yake, yale mapigo yaliyobanana husukumana, moshi wa silinda moja unamzibia njia mwenzake. Dawa yake ni kuyaunganisha mabomba njiani. Mafundi wa hapa hukiita kiungo hicho krosova, nacho kina maumbo mawili. La kwanza ni la herufi H, yaani daraja: kibomba kifupi kinachokatiza kati ya mabomba mawili. La pili ni la herufi X, njia panda yenyewe, ambapo moshi wa pande zote hukutana, ukachanganyika, kisha ukagawanyika tena. X husawazisha zaidi. Vitabu vyote vinasema hivyo, na hesabu zangu zilikubali.

Gari langu lilinifikia bila kiungo. Mfumo wa kiwandani ulikwisha kuondolewa zamani na mtu aliyeweka mabomba mawili yasiyokutana popote hadi karibu na nyuma. Nami, msomi, nikakaa na karatasi majuma mawili. Nikakataa bomba la milimita 63 ambalo vijana wote hulipenda, kwa kuwa bomba pana mno hupunguza kasi ya moshi na kuiua nguvu ya mzunguko wa chini, ambao ndio gari zito huuhitaji. Nikachagua milimita 57, chuma kisichoshika kutu, umbo la X, kimetengenezwa kwa mashine, kinang'aa kama sufuria ya harusi. Dola 940.

Nikauliza kwanza kwenye klabu, maana gari limesajiliwa katika mpango wa magari ya kale wa New South Wales, siku 60 za barabarani kwa mwaka, kila siku inaandikwa kitabuni, na mpango huo unataka gari libaki karibu na lilivyotoka kiwandani. Wakanitazama, wakatazama mabomba, wakasema ilimradi lisipige kelele. Kwa gari lililotengenezwa kabla ya Novemba 1983 kikomo hapa ni desibeli 96.

Kazi ya kufunga ilinichukua Jumamosi mbili. Nililinyanyua kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi nne kwenye saruji (jeki peke yake ni kaburi, msisahau), nikatoa waya za betri kabla ya kuchomelea. Boliti za zamani zilikataa katakata, mbili zikakatika. X haikuweza kukaa pale hesabu ilipotaka, kwani pana chuma kinachobeba giaboksi, ikabidi niisogeze nyuma kama shubiri moja. Nikafunga kwa klempu badala ya kuchomelea moja kwa moja, ili siku ya kushusha giaboksi nisilie.

Nikawasha. Laini! Injini ilipanda bila kusita, mlio mwembamba wa juu, kama magari ya mbio ya Ulaya. Nguvu ya ziada, kusema kweli, sikuihisi. Lakini nilifurahi, nikampigia baba kwa video, nikaisogeza simu nyuma ya gari. Desemba nilikuwa nimemsikilizisha mlio wa mwanzo, naye akagonga meza kwa vidole viwili, akacheka.

Safari hii hakugonga. Alisikiliza, akamtazama dada, kisha akaniuliza kwa sauti kubwa ya wasiosikia:

"Mwanangu, umeliuza lile gari?"

"La, baba, ni hili hili."

"Hili linalia kama cherehani."

Nikamwambia dada kwa upole wa bandia: masikio ya mzee yamekwisha. Baada ya kukata simu nikakaa gereji na kahawa yangu, nimenuna. Ilikuwa usiku nilipoichukua ile karatasi ya zamu za silinda nikaona nilichokuwa sikukiona majuma yote yale. Ile du-dum niliyoifuata tangu nina miaka tisa ndiyo kasoro yenyewe ambayo X imeundwa kuiondoa. Nilikuwa nimelipa dola 940 kuufuta mlio nilionunulia gari. Na mzee asiyesikia adhana aliligundua jambo hilo kwa sekunde tano, kupitia simu, kwa sababu yeye hakuwa akisikiliza sauti. Alikuwa akihesabu mapigo.

Masikio yale, nikumbushe, hayakuharibiwa na uzee peke yake. Ni miaka arobaini ya nyundo na msasa wa umeme katika kibanda cha mabati, bila kizibo hata siku moja, ndiyo iliyonisomesha.

Kijana mmoja mwenye Holden alikinunua kile kipande cha X kwa dola 500. Fedha hizo zilikwenda Mombasa siku ile ile, nikaongeza zilizobaki za mashine zote mbili. Mwisho wa mwezi ulikuwa umeshapita mara mbili.

Daraja la H nililitengeneza mwenyewe kwa kipande cha bomba nilichokitoa kwenye masalio ya gereji. Baba ndiye aliyenieleza pa kuliweka, dada akikariri maneno yake: "Paka rangi ya kawaida kwenye bomba kuanzia mbele hadi nyuma, washa injini, iendeshe. Rangi itaungua, itaungua, itafika mahali itaacha kuungua. Hapo ndipo pa kukata." Nilikwisha kuisikia mbinu hiyo kwa mafundi wa huku nikaiona ya kienyeji. Rangi ikaacha kuungua vidole vinne kutoka mahali ambapo hesabu yangu mpya ilisema. Nikakata palepale rangi ilipoishia.

Mlio umerudi, umepoa kidogo, hauna ule ukali wa mabomba yasiyokutana, lakini du-dum imo. Nilipopima kwa kifaa cha kuazima, lilikuwa chini ya kikomo.

Jumapili iliyopita nilimpigia baba. Amevaa mashine zake, analalamika kwamba sasa anasikia hata kunguru wa jirani. Nikaisogeza simu nyuma ya gari, nikangoja vidole. Aligonga meza mara mbili, tatu, kisha akainua mkono kunisimamisha.

"Kuna mahali panavuja," akasema. "Tss, tss. Husikii?"

Sikusikia kitu. Nilizima injini, nikaingia chini na tochi. Kwenye flenji ya kulia, juu kidogo ya boliti ya pili, palikuwa na alama ya masizi, nyembamba kama ukucha.