Taa ya Pikipiki na Njia ya Isiro



Mwaka huu, ikiwa njia itabaki wazi, wawili kati yetu makatekista wa Boga tutakwenda Isiro kwa pikipiki moja, kwa sikukuu ya Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, tarehe 1 Desemba. Mashirika yetu yalichanga fedha za mafuta, na baada ya hesabu zikabaki dola 30, ambazo mkutano uliamua zitumike kutengeneza taa ya mbele. Kwa kuwa fedha ni za wengi, ni haki wengi wajue zilikokwenda. Lakini katika kuitengeneza taa hiyo sisi wawili tulibishana siku kadhaa, na mabishano hayo tunaona yanafaa kuletwa mbele yenu kuliko hata hesabu, maana wengi wenu husafiri kwa pikipiki, au mna watoto wanaotafutia riziki juu yake.

Kwanza njia yenyewe. Kutoka Boga tunapita Gety na Bogoro hadi Bunia. Kutoka Bunia tunashika njia ya Komanda, kilomita kama 75, na hapo tunaingia barabara ya taifa namba 4, ile inayoelekea Kisangani, ndani ya msitu: Mambasa, Epulu, Nia-Nia. Nia-Nia tunaiacha barabara hiyo na kupanda kaskazini hadi Isiro. Ndugu zetu Waanglikana wa hapa Boga humkumbuka Apolo Kivebulaya, aliyefika mwaka 1896 kutoka Toro kwa miguu yake, na ambaye alifariki na kuzikwa hapa mwaka 1933. Mbele ya mtu wa namna hiyo, sisi wenye injini hatuna cha kulalamikia. Hata hivyo mwenye miguu akijikwaa gizani huanguka pale pale alipo. Mwenye pikipiki huanguka mbali, na humwangusha aliyempakia.

Giza la kwetu nalo halina subira. Tuko karibu sana na mstari wa ikweta. Mwaka mzima jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, na kabla ya nusu saa kwisha hakuna anayeona shimo barabarani. Anayetaka kulala Mambasa hupanga kufika saa kumi. Kisha lori moja hukwama katika tope, magari mengine hujipanga nyuma yake, pikipiki hupitishwa mojamoja pembeni kwa kusukumwa, na saa tatu zimekwisha. Hivyo hata mtu mwenye busara hukutwa na usiku. Hapo ndipo tulipoanza kutofautiana.

Mmoja wetu, aliye kijana, alikuwa na fikra iliyo wazi: taa ikiwa kali, usiku ni wakati mzuri wa kusafiri. Hakuna jua, hakuna vumbi la malori, na safari ya siku nyingi hupungua siku nzima. Mwingine, ambaye ana miaka hamsini na kitu na ameshika chaki kwa muda mrefu, alisema taa ni ya kumwokoa aliyechelewa, si ya kumtuma mtu usiku. Kwa kuwa hakuna aliyemshawishi mwenzake kwa maneno, tuliingia darasani baada ya watoto kutoka, tukaandika ubaoni.

Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika kila sekunde. Macho yaone, akili ielewe, mkono ushike breki: hapo sekunde moja na nusu zimepita, yaani mita kama 17, na pikipiki haijaanza kupunguza mwendo. Kisha breki zenyewe, juu ya udongo mkavu wenye changarawe, huhitaji mita nyingine kama 15. Jumla, mita 32. Tulipoandika kilomita 60 kwa saa, jumla ilikaribia mita 60. Mwendo umeongezeka nusu tu, lakini umbali wa kusimama umekaribia kuwa mara mbili. Na juu ya udongo mwekundu uliolowa, mwalimu yeyote aongeze kadiri anavyoogopa. Basi tukaenda kupima, na taa yetu ya zamani ilituonyesha vizuri mita 20 tu. Maana yake ni kwamba kwa mwendo wa kilomita 40, tulikuwa tukisafiri ndani ya mita 12 za upofu. Kijana alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Kisha akasema, “Basi, Baba Mwalimu, tununue mita.” Hatukuweza kumpinga.

Lakini mita hazinunuliwi kama kitambaa. Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba nusu ya giza letu ilikuwa uchafu. Kioo cha mbele kilikuwa kimegeuka manjano kwa jua. Kioo cha ndani, kile kinachorudisha mwanga, kilikuwa kimeshika kutu, na kioo chenye kutu hakirudishi kitu hata ukiweka ampuli ya namna gani. Waya wa masi, unaorudisha umeme kwenye fremu, ulikuwa umeoza kwenye skrubu yake. Fundi aliukwangua kwa kisu, akaukaza upya, na taa ikaongezeka nguvu mbele ya macho yetu bila senti moja kutoka mfukoni. Tunalisema hili kwa sababu tumeona vijana wengi wakikimbilia kununua taa mpya ilhali ile ya zamani inaomba kusafishwa tu.

Jambo la pili ni umeme wenyewe. Katika pikipiki ndogo kama yetu ya cc 125, taa kubwa hailishwi na betri. Hulishwa moja kwa moja na mtambo ulio ndani ya injini, kwa umeme wa mkondo geu. Ndiyo maana ukivuta mafuta taa hung'aa, na ukipunguza, kwa mfano unapoingia polepole katika tope, taa hufifia wakati ule ule unapoihitaji. Ukichomeka ampuli ya LED katika waya huo bila kubadilisha kitu, huchezacheza, na mara nyingi hufa mapema. Tena ile ampuli ya LED ikitiwa ndani ya kioo kilichotengenezwa kwa ampuli ya kawaida, mwanga wake hausimami mahali unapotakiwa: hutawanyika juu ya miti na machoni mwa anayekuja. Mwenye nayo huona weupe mwingi na kudhani anaona njia.

Garaji moja ya Bunia ilituonyesha taa mbili za LED za kufungwa pembeni, wati 20 kila moja.

“Mwalimu, weka hizi,” fundi alisema. “Usiku utakuwa mchana.”

“Zinakula betri kiasi gani, mwanangu?”

Hakujibu, nasi tukapiga hesabu pale pale. Wati 40 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 3. Betri yetu ni ya ampea 5 kwa saa. Injini ikizimika au ikizunguka polepole, hata saa mbili hazifiki. Tulimuuliza swali jingine.

“Na tukifika kwenye bariera, hizi zinapunguzwa wapi?”

“Hazipunguzwi, Mwalimu. Zinazimwa tu.”

Jibu hilo ndilo lililoamua, na tunaomba msomaji asiye wa Ituri atuvumilie tueleze kwa nini.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, watu zaidi ya 50 waliuawa hapa Boga na Tchabi. Mwezi huo huo mkoa wetu, pamoja na Kivu ya Kaskazini, ulikuwa umewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Tangu hapo usiku wa kwetu una desturi zake. Mtu anayelala nyumba ya kando ya njia akisikia injini na kuona mwanga ukipita ukutani, hajui kama ni katekista, mgonjwa anayekimbizwa hospitali, au kifo. Wapo mama zetu ambao hadi leo huamsha watoto na kuingia nao katika migomba kila mwanga unapokaribia, kisha wakarudi kulala baada ya sauti kupotea. Mwanga wa mita 30 huwaamsha wa nyumba chache. Mwanga wa mita 200 huwaamsha wa kilima kizima.

Na kwenye bariera kuna askari ambaye naye ni mtoto wa mtu, ana usingizi, ana hofu, na ana silaha. Kila anayesafiri anajua adabu ya mahali hapo: unapunguza mwendo mapema, unashusha taa, unashuka, unasukuma pikipiki ukiwa umeonekana mikono na uso. Ukimjia na jua jeupe machoni hakuoni wewe. Anaona mwanga tu, na lazima aamue gizani ni nani aliye nyuma yake. Ukizima taa zote kwa ghafla, umekuwa kitu kingine kibaya zaidi, yaani mtu aliyejificha karibu naye. Kinachotakiwa ni taa inayoweza kuinama. Swichi ndogo ile ya kidole gumba, ya mwanga mrefu na mwanga mfupi, ambayo wengi huiacha ikiwa imekufa miaka mitatu, sisi tunaiona kuwa kifaa cha thamani kuliko vyote vilivyoko kwenye usukani.

Hayo hayo ni kweli kwa dereva wa lori. Malori mengi ya njia ya Komanda hutembea na jicho moja. Ukiona taa moja ikija hujui kama ni pikipiki mwenzio au ni tani nyingi za mbao zinazochukua barabara nzima. Dereva huyo ukimtia upofu, hata sekunde mbili, atapita mahali ulipo bila kukuona. Tumekwisha kuzika kijana wa namna hiyo, na taa yake ilikuwa nzuri sana.

Mpango wa kusafiri usiku kucha ulikuwa na kikwazo kingine ambacho kijana mwenyewe alikikumbuka. Kati ya Mambasa na Nia-Nia barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1996, na vizuizi vyake hufungwa usiku ili magari yasigonge wanyama. Okapi amepata kwa sheria usingizi ambao watu wa Boga bado wanauomba. Tulicheka kidogo tuliposema hivyo, kisha hatukucheka.

Basi tulifanya yafuatayo. Tulinunua kioo kizima cha mbele, kipya, pamoja na kile cha ndani, kwa dola 14. Tukaweka ampuli ya kawaida ya wati 35, na kununua nyingine ya akiba, dola 4 zote mbili. Tulichagua ya kawaida kwa makusudi: ikifia Epulu au Nia-Nia, duka lolote la vipuri litakuwa nayo, na kubadilisha ni kazi ya dakika tano. Tukaongeza taa moja ndogo ya LED yenye mwanga wa manjano, dola 6, iliyofungwa chini karibu na gurudumu, yenye swichi na fyuzi yake, kwa ajili ya ukungu wa alfajiri msituni na kwa siku ambayo injini itazimika katika tope. Nyaya, fyuzi na waya mpya wa taa ya nyuma ni dola 3. Taa ya nyuma tuliikuta imekufa, na hakuna hata mmoja katika mkutano aliyekuwa ameitaja. Fundi tulimpa dola 3. Hesabu imefungwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuielekeza, na hapa vijana wa taksi-moto watusikilize, maana karibu wote huielekeza pikipiki ikiwa tupu. Pikipiki yenye mtu nyuma na mizigo hukaa chini upande wa nyuma na kuinua uso. Taa iliyokuwa sawa asubuhi sasa inamulika matawi. Tuliisimamisha mita 10 kutoka ukuta wa shule, jioni, sisi wawili tukiwa juu yake pamoja na mifuko, dumu la lita 10 za mafuta na mvua ya plastiki, kama siku ya safari. Mtoto mmoja alichora kwa chaki mstari wa urefu wa taa yetu kutoka chini. Tukaishusha hadi ncha ya juu ya mwanga mfupi ikakaa chini ya mstari huo kwa upana wa kiganja, tukakaza skrubu. Kisha tukatoka kupima barabarani. Mwanga mfupi unatupa sasa mita 35. Mwanga mrefu unafika mbali zaidi, na hatukuona sababu ya kuupima.

Tumekubaliana kutembea kilomita 40 kwa saa tukikutwa na giza, na kulala kijiji cha kwanza kitakachotupokea. Kijana ameongeza sharti lake: yeye ndiye ataendesha usiku, kwa sababu macho ya mwenzake si ya zamani, na hilo limeandikwa ubaoni pamoja na mengine. Ampuli ya akiba tumeifunga katika kitambaa kikavu bila kuigusa kioo kwa vidole, maana mafuta ya mkono huichoma ikiwaka. Bado tairi la nyuma, ambalo limeisha, na fedha yake haijapatikana.