Matumbawe ya Bosi Yalipopauka

Kama hujawahi kukatwa mshahara kwa sababu ya jiwe, keti nikusimulie.

Mwaka 2019 nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani kule Dubai. Sebuleni kwa bosi wangu palikuwa na tangi kubwa la kioo, limejaa maji ya chumvi, samaki wadogo wa rangi na matumbawe hai. Kulipangusa na kulijazia maji ilikuwa kazi yangu. Siku moja bosi akaja na taa mpya za LED, za bei ya kutisha, akaziweka badala ya zile ndefu za tyubu. Akaziwasha kwa nguvu zote, tangu alfajiri hadi usiku. Kwake yeye, mwanga mwingi ni ukuaji mwingi. Ningebisha na nani?

Wiki haikuisha, matumbawe yakawa meupe kama chokaa. Lawama ikaniangukia mimi, eti nimetia sabuni! Nusu ya mshahara ikaenda.

Lakini mimi ni binti wa mvuvi wa Shimoni. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka vivyo hivyo. Nilikuwa na miaka 10, baba akanipeleka kwa ngalawa nikayaona. Weupe ule niliujua. Nikatazama kipimajoto cha tangi: nyuzi 26, kama siku zote. Kilichobadilika kilikuwa taa tu.

Tumbawe, ndugu yangu, si jiwe hasa. Ni mnyama, na mwilini mwake huishi vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo humpikia chakula kwa mwanga na kumpa rangi. Mwanga au joto likizidi ghafla, vijimea hugeuka sumu kwake, naye huvitema. Hafi papo hapo. Hubaki mweupe, na njaa.

"Bosi," nikamwambia kwa adabu, "nipe mwezi mmoja." Nikapunguza taa hadi thuluthi, nikafunga saa ya kuzizima zenyewe baada ya saa 8, kisha kila wiki nikaongeza kidogo. Matumbawe laini, yale yanayoyumbayumba, nikayashusha chini kwenye mwanga hafifu. Yale magumu yenye matawi, ambayo hupenda jua kali, nikayaacha juu. Kwa hiyo wewe unayetamani tangi kama hilo, usianze kwa kuuliza bei ya taa. Uliza kwanza utafuga matumbawe gani, na tangi lina kina gani. Wala usishangae ukiuziwa taa za buluu; majini rangi nyekundu hufifia mapema, buluu ndiyo hufika mbali. Kuna na zile za halaidi, zinamulika sana, lakini huchemsha maji na bili ya umeme pia.

Mengi yalirudi rangi. Mawili yalikufa.

Nusu mshahara wangu sikurudishiwa mpaka naondoka mwaka 2021. Ila bosi hakugusa tena swichi ile bila kuniita kwanza.