Hondohondo Wawili wa Shimba

Aingiaye msitu wa Milima ya Shimba, Kwale, huenda akasikia juu ya miti kilio mithili ya mtoto mchanga. Huyo ni hondohondo mwenye tumbo jeupe na ngozi ya waridi kuzunguka jicho. Nduguye, mwenye mashavu ya rangi ya fedha, ana kifua cheusi. Weupe wake uko chini ya tumbo, na jicho lake limezungukwa na buluu.

Katika malezi hawatofautiani. Jike huingia katika tundu la mti mkongwe, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Dume humlisha matunda kupitia hapo. Subhanallah! Akataye mti huo huvunja nyumba yenye mama ndani.