Jina la Mnyama wa Darini

Katika vijiji vya Kericho na Bomet vinavyopakana na Msitu wa Mau yumo mnyama mdogo ambaye husikika zaidi kuliko anavyoonekana. Rangi yake ni ya kijivu, macho ni makubwa na meusi, na mkia una manyoya mengi kama wa kindi. Mchana hulala katika tundu la mti mkongwe, katika paa la nyasi, au ndani ya mzinga uliohamwa na nyuki. Giza likiingia hutoka kutafuta wadudu, mbegu na matunda. Wanasayansi humweka katika jenasi ya Graphiurus. Nyumbani kwetu, kila tulipozungumza Kiswahili, tulimwita panya, basi, na mtego wake ulikuwa ule ule wa panya.

Nilianza kumfikiria kwa uzito nilipokuwa nikisoma tafsiri kwa ajili ya tasnifu yangu. Kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865 kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Conan-Davies. Ida Hadjivayanis akakifasiri upya mwaka 2015. Katika karamu ya chai iliyomo humo, jamaa wa mnyama wetu anasinzia mezani, na mwishowe wenzake wanajaribu kumtia ndani ya birika. Mwana wa Kericho ataisomaje sura hiyo asicheke? Chai ni yetu, na panya ni wetu!

Hata hivyo, mzaha huo umejengwa juu ya usingizi wa Ulaya. Huko, wanyama wa ukoo huu hunenepa kabla ya majira ya baridi, kisha hujikunja na kulala. Joto la mwili hushuka likakaribia lile la mahali walipo, moyo hupiga polepole mno, nao huishi kwa mafuta waliyojiwekea. Warumi wa kale waliwanenepesha mitungini na kuwala. Wajerumani humwita mmoja wao kwa jina lenye maana ya mlala-saba, kwa kuwa hulala takriban miezi saba. Na jina lilo hilo huwapa vijana wa pangoni ambao Waswahili wa pwani wanawajua kutokana na Suratul Kahf.

Mwenzangu mmoja darasani alipendekeza basi tumwite mlalakipupwe. Nakiri jina lina mahadhi mazuri, lakini nalipinga. Kericho iko chini ya nusu digrii kutoka ikweta, katika mwinuko wa takriban mita 2,000. Julai yetu ina baridi, ni kweli, lakini chai huchumwa mwaka mzima na wadudu hawakomi. Huko Afrika Kusini imethibitishwa kwamba ndugu zake wa porini huweza kulala siku kadhaa mfululizo wakati wa baridi. Kwa hiyo uwezo umo mwilini mwa ukoo huu. Kisichokuwepo kwetu ni miezi saba ya kuulazimisha. Aidha, kipupwe cha pwani ni majira ya ubaridi wa kupendeza, na kukibebesha theluji ya watu wengine ni kukionea. Tukilikubali jina hilo, tutakuwa tumemtambulisha jirani yetu kwa majira asiyowahi kuyaona.

Mimi nilitaka jina litokane na makao yake, kwa sababu makao ndiyo yaliyo hatarini. Tundu la kulala hupatikana katika mti ulioishi miaka mingi. Mchai hauna tundu; hupogolewa ukabaki kimo cha kiuno. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 22,000 za Mau ya Kusini Magharibi ziliondolewa katika msitu wa hifadhi. Katika mijadala yote niliyoisikia kuhusu Mau, na ni mingi, tembo hutajwa, mito hutajwa, wapiga kura hutajwa. Huyu hatajwi, na sijui angetajwaje ilhali yeye na panya wa ghalani tumewapa neno moja.

Nilimpelekea mjomba wangu, mrina asali wa upande wa Bomet, jina nililolitunga: kindi-mzinga. Alilirudia mara mbili, akacheka. Alisema mnyama huyo huingia mzingani bila kubisha na hajawahi kulipa kodi, hivyo jina lake halisi ni mpangaji. Bado nayapima yote mawili.