Usimhukumu Dereva Kabla ya Kuisikiliza Injini

Msomaji mpenzi, ikiwa una gari nyumbani, au umekabidhiwa gari la kazi, nataka nikusimulie kosa langu ili wewe usilifanye.

Mimi ni karani wa parokia moja huku Mbinga. Gari letu ni la dizeli, lenye silinda nne. Huzunguka vigango vya milimani, tena hushuka mpaka ufuko wa Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay. Barabara kuu ya kushuka huko siku hizi ina lami, lakini njia nyingi za vigangoni bado ni za udongo na mawe. Jumapili gari humpeleka Padre kwenye Misa. Usiku huchukua wagonjwa.

Mwaka jana lilianza kutetemeka. Likiwa mwendoni halikuwa na neno. Lakini likisimama, injini ikinguruma polepole, usukani ulitikisika, vioo vikalia, na viti vikatetemeka kama mtu mwenye homa. Usiku mmoja tulimchukua mama mjamzito kutoka ufukoni. Tuliposimama kidogo njiani, akasema kwa uchungu, "Jamani, zimeni hiyo injini!" Maneno yale hayakunitoka moyoni.

Basi nikaanza kumtafuta mwenye kosa, wala sikwenda mbali. Nilimwita dereva ofisini, nikamwuliza kama anauza dizeli yetu na kujazia mafuta ya taa. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, miaka yote hii ndivyo unavyonijua?" Akaweka ufunguo mezani, akatoka.

Fundi mmoja alikuwa amekwisha kusema kwamba ugonjwa ni pampu ya dizeli, nayo lazima ifunguliwe yote. Fedha alizotaka zilikuwa nyingi, na fedha zetu ni zaka ambazo waumini hutoa wakisha kuuza kahawa yao. Nilishika kalamu niandike hati ya malipo, mkono ukasita. Padre akanishauri nimwone kwanza mzee mmoja, fundi wa siku nyingi.

Mzee yule hakugusa spana. Aliwasha injini, akaenda nyuma kwenye bomba la moshi, akainamisha kichwa. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, mlio wake ukoje?"

Nikamjibu, "Linatetemeka, mzee."

"Sikukuuliza kutetemeka. Nimekuuliza mlio."

Nikasikiliza. Mlio ulikuwa sawasawa, haukuruka hata mara moja. Ndipo aliponifundisha, nami nakupa wewe kama nilivyopewa.

Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya injini. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 750 kwa dakika, hupata misukumo 1,500 kwa dakika hiyo. Silinda moja ikikosa kuwaka, pengo lake husikika: tu-tu-tu, kimya, tu-tu-tu, kimya. Mafundi husema injini "inamisi". Gari likienda mbio misukumo hukaribiana, na uzito wa gurudumu la injini hulificha pengo hilo. Ndiyo sababu ugonjwa huonekana zaidi gari likisimama.

Basi, mlio ukiruka, tafuta ugonjwa kwenye uwakaji. Kwa dizeli, anza na chujio la mafuta, kisha maji au hewa ndani ya dizeli, halafu nozeli. Kwa petroli, tazama plagi na koili zake, na mipira inayovuta hewa isiyotakiwa. Badili kitu kimoja kimoja, usije ukalipia vitano kwa kosa la kimoja. Lakini mabomba ya nozeli mwachie fundi: dizeli hutoka humo kwa nguvu ya kutoboa ngozi.

Mlio ukiwa sawasawa na gari bado linatetemeka, tazama kama injini inazunguka polepole mno, kisha itazame mipira inayoibeba. Mzee alifungua boneti, akatuondoa sote mbele na nyuma ya gari. Kijana wake akavuta breki ya mkono, akakanyaga breki ya mguu, akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi kidogo tu, akaikanyaga tena. Injini yetu iliruka upande mmoja. Mpira wa kulia ulikuwa umekatika, na chuma kilikuwa kikisugua chuma mpaka kinang'aa.

Tulinunua mpira mpya. Bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya ile kazi ya pampu. Mtetemeko ukaisha siku ile ile. Mzee akanionya pia nisikubali kamwe fundi aongeze tu mwendo wa injini ili mtetemeko upungue. Kufanya hivyo ni kufunika kidonda na kuchoma mafuta bure.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa dereva, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Alinipa kiti, tukanywa chai. Kisha akaniuliza taratibu, "Na kama ingekuwa ni pampu kweli, Mwalimu, ungekuja?"

Sikuwa na jibu. Dizeli yenye mafuta ya taa ningeweza kuichunguza kabla ya kusema neno, sikuichunguza. Kesho yake alirudi kazini, naye analiendesha gari letu hata leo. Ewe msomaji, gari lako likitetemeka, sikiliza mlio kwanza, tazama mipira, ndipo ufungue mfuko. Na kinywa chako kifungue mwisho wa yote.